Moshi wa Kona ya Kalvati

Jiko likianza kuchemka, wa kwanza kuja huwa ni mama yake Gwakisa. Hutokea upande wa sokoni, kikapu cha ndizi kichwani, akapita katikati yetu kana kwamba barabara ingali yake, kisha akapotelea migombani. Huyo mama tulishamzika zamani. Gwakisa, ambaye ndiye dereva wa Jiko, humpisha. Hupunguza mwendo, huvua kofia, husema, "Pita, mama," halafu huendelea na kazi.

Simcheki. Nami nina wangu ninayemngoja.

Jiko ni jina tulilolipa sisi. Kwenye vibao vya kiwandani lina jina refu la kihandisi ambalo hakuna anayejisumbua nalo. Ni mashine ndefu, inatambaa juu ya barabara kuukuu. Mbele inaikwangua lami, tumboni inaipika, nyuma inaitandaza upya ingali ya moto. Tangu meli za mafuta ziache kuja hakuna lami mpya popote, kwa hiyo kila mji unakula barabara yake yenyewe. Hii yetu ya kuteremka kutoka Tukuyu imepikwa na kupikwa tena mpaka imekuwa kiporo. Na kiporo, hata kiwe kitamu namna gani, ipo siku kinaleta maneno tumboni.

Wahandisi wa zamani waliitia lami chachu. Ndivyo tunavyoiita, chachu: vijidudu hai, vidogo kuliko vumbi, vilivyofundishwa kusikiliza. Mguu ukikanyaga, gurudumu likipita, vinasikia na kukumbuka barabara inaumia wapi, na ufa ukijitokeza vinauziba vyenyewe. Akili nyingi, hongera zao. Ila hakuna aliyejiuliza vikija kupikwa vitakwenda wapi na yote viliyoyasikia. Vinakwenda angani, basi. Ukivuta pumzi umevuta nyayo za watu wote waliowahi kupita hapo, na kichwa chako, maskini, kinazivalisha nguo na sura. Wageni hubaki vivuli tu. Unaowajua huja wazi.

Asubuhi ile ukungu ulikuwa haujaachia mashamba ya chai. Moshi ukapanda ukachanganyika nao, nikasikia kwanza ile harufu, mvua ya utotoni na mpira ulioungua, halafu masikio yakaziba kidogo. Nikajua yuko karibu. Mume wangu Asajile alikuwa na mwendo wake, kisigino cha kushoto alikiburuza, kwa hiyo nilimsikia kabla sijamwona. Akaja na koti lake la kazi, anapiga mluzi usiosikika, akapita karibu yangu kabisa. Ningenyoosha mkono ningemgusa, na mkono nilishaunyoosha mara nyingi. Unashika ukungu.

Alipofika Kona ya Kalvati akasimama, kama anavyosimama kila akija. Akaipa barabara mgongo, akainama kidogo kuelekea migombani, akakaa hivyo kitambo. Kisha akanyooka, akakunja kona, akaisha.

"Amekuja?" Gwakisa aliniuliza kutoka juu ya mashine.

"Amekuja."

"Anaendeleaje?"

"Wewe naye! Marehemu anaendeleaje?"

"Nauliza mwendo, dada Tuse. Mwendo wake."

"Mwendo ni ule ule."

Barakoa tunazo sote. Zinaning'inia shingoni. Hakuna mfanyakazi wa Jiko anayeziba pua, maana nani anataka kumkosa mtu wake? Na siyo sisi tu. Watu wa mjini huleta viti wakapanga kando ya barabara, upande unakoelekea moshi, wanawake na vitenge mabegani, wanaume na redio zimezimwa. Wanakaa kimya wanatabasamu. Ukipita hapo utadhani wanangoja harusi.

Na pale kwenye ukingo wa kalvati, mbele ya wote, mahali moshi ulipo mzito kuliko kwingine kote, alikuwa amekaa baba mkwe wangu.

Jina lake silitaji, na wewe usinidai. Kwetu mwanamke hamtazami baba mkwe, hamsemeshi, hatamki jina lake, na wakikutana njiani ni mwanamke anayeiacha njia. Wengi siku hizi wameshayatupa hayo. Nyumba niliyoolewa haijayatupa. Sasa hebu fikiria, kazi yangu mimi ni hiyo hiyo njia. Mzee akitokea, msimamizi mzima wa Jiko naruka mtaro na makoleo yangu, nakwenda kujificha nyuma ya tangi la maji mpaka apite, na vijana wangu wanageuza nyuso wasicheke. Nilishazoea. Hata nilikuwa naona fahari fulani, maana heshima ile ilikuwa ya pande mbili. Yeye naye akiniona kwa mbali, hukohoa ili nipate nafasi ya kujiondoa.

Siku za karibuni alikuwa anakohoa hata kama sipo.

*

Nguo zake nafua mimi. Hilo mwiko haulikatazi. Jioni moja niliikuta leso yake mfukoni mwa suruali, nikaikunjua kwenye beseni, na katikati palikuwa na weusi. Haukuwa uchafu wa mkono. Ulikuwa weusi unaong'aa, wenye mafuta, unaoteleza ukiusugua na usiotoka.

Weusi ule nilikuwa naujua. Niliwahi kuufua.

Mimi na Asajile tulijuana hapo hapo kwenye Jiko, yeye msimamizi, mimi fundi wa moto. Kifua ndicho kilichomwondoa. Watu walisema ni baridi. Hapa kwetu mtu akiondoka kwa kifua husemwa baridi ilimwingia, hata kama alikuwa anapika lami maisha yake yote. Ni neno la adabu, linafunika mengi. Baada ya msiba wakanipa kazi yake, nikaipokea, na siku ya kwanza tu nilipowasha moto akatokea amefufuka, anapiga mluzi. Ningefanya nini? Nilimtaka. Nilikuwa nakwenda kazini nimejipaka mafuta kama msichana.

Nilikaa na ile leso hadi maji yakapoa.

Kulikuwa na kifuniko, lazima niseme. Kililetwa mvua zilipoanza, ndani ya sanduku kubwa la mbao: kofia ya chuma ya kukaa juu ya tumbo la Jiko, na ndani yake machujio yenye moto wao wenyewe. Moshi ukipita humo unaungua ukaisha. Chachu nayo inateketea hapo hapo, kwa hiyo hata lami ikishatandazwa haitoi tena kitu jua linapopiga. Maana barabara yetu, mvua ikikatika jua likatoka, hupumua yote kwa pamoja, na watoto wa shule wanaipita wakiwa na midomo wazi. Kifuniko kingekomesha yote hayo. Ila kipande kitakachopikwa chini yake hakitasema tena. Waliopita hapo wamekwisha, hawarudi hata kwa ndoto.

Idara ya barabara iliniachia mimi niamue lini kifungwe. Sanduku likakaa nyuma ya Jiko, likafunikwa turubai, tukawa tunalikalia wakati wa kula. Nilikuwa nalikalia na mimi.

*

Asubuhi nilimwita Gwakisa pembeni. Kama mkwe ana neno kwa mkwe, hulipitisha kwa mtu wa tatu, na Gwakisa ni ndugu wa ukoo na mtu wa maneno matamu. Hapo ndipo nilipokosea, kwenye utamu.

"Nenda kwa mzee pale kalvati," nikamwambia. "Mwambie moshi huu ni sumu. Mwambie ndio uliomuua mwanawe, na yeye tayari umemwingia. Akiendelea kukaa pale atakufa. Hivyo hivyo nilivyosema."

"Hivyo hivyo," akasema Gwakisa.

Nikajificha nyuma ya tangi. Nilimwona anafika, anachuchumaa, anashika mikono miwili pamoja, anasema kwa muda mrefu. Mzee akatikisa kichwa kwa kukubali. Gwakisa akarudi anang'aa.

"Ameelewa?"

"Ameelewa sana. Anakushukuru. Anasema amepata mkwe."

Nikapumua. Kesho yake ukungu ulikuwa ule ule, viti vile vile, na mzee akaja na sweta mbili, kofia ya sufu imemfunika masikio, na mwavuli mkubwa mweusi. Akakaa pale pale kwenye moshi, ametulia tuli.

"Gwakisa!" Niliita mpaka watu wa viti wakageuka. "Wewe ulimwambia nini?"

Akateremka kwenye mashine polepole. "Dada Tuse, usinipigie kelele mbele za watu."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia mkweo ana wasiwasi na wewe, kwa ajili ya baridi."

"Baridi!"

"Sasa ulitaka nimwambieje? Mtu mzima kama yule nimkalie mbele nimwambie utakufa? Kwa mdomo huu? Nimtajie na mwanawe? Ala! Mimi nimelelewa, dada."

Nilitaka kumpiga na koleo. Halafu nikacheka, na kicheko kikageuka kilio katikati. Ni kweli kwamba hakuna mtu mjini mwetu ambaye angeweza kuufikisha ujumbe ule. Kila mmoja angeukata makali njiani, kwa mapenzi tu, na mzee angefikiwa na sweta.

"Na yeye alikujibu nini?" nikamuuliza. "Neno kwa neno, Gwakisa. Usinitilie sukari."

Akaangalia chini. "Alisema hawezi kuacha kuja. Alisema mwanawe humsubiri pale kona. Kila akipita husimama, anampa baba yake nafasi amfikie. Anasema ndivyo walivyokuwa wakitembea zamani, kijana mbele, mzee nyuma. Anasema anaona aibu kumwacha mtoto anasubiri bure."

Nikakaa juu ya sanduku.

Maana mimi nilijua Asajile anasimama pale kwa sababu gani. Nilikuwa nimemtazama kwa karibu kuliko mtu yeyote, kwa uroho, kila asubuhi. Nilishaliona bega la kulia linavyoruka. Nilishaona mkono unavyopeleka leso mdomoni. Pale kona ndipo mahali pa mwisho kabla nyumba yetu haijaonekana, na yeye alisimama hapo akakohoa yote aliyonayo, akapangusa mdomo, kisha akaja nyumbani anapiga mluzi. Mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye kilimchukua, na moshi ndio uliokuja kumuumbua, mbele yangu, na nikanyamaza ili niendelee kumwona.

"Tunafika kona yenyewe leo," Gwakisa akasema. "Pale moshi wake utakuwa mzito kweli. Watu wamekuja wengi. Usinitazame hivyo, dada. Ukifunga hilo dude, mama yangu namzika mara ya pili."

"Nami wangu nitamzika mara ya pili."

"Basi tusifunge."

"Una watoto wanaopita hapa, Gwakisa. Na wao unataka waje waonekane humu moshini?"

Gwakisa akapanda mashine yake, akakaa bila kuiwasha.

*

Niliyatoa makoleo mkononi, nikayaweka chini. Nikaanza kutembea kuelekea kalvati, katikati ya barabara.

Watu wa viti waliona kabla yake. Kimya chao kikabadilika. Mama mmoja akasema, "Mwe! Tusekile, njia!" kama mtu anavyomwonya mwenzake kuna nyoka. Mzee akasikia, akakohoa kile kikohozi chake cha kunipa nafasi. Sikuondoka. Akakohoa tena, na safari hii kikohozi kikamkamata chenyewe, kikamtikisa, na nikasimama hapo nikikisikia hadi kilipomwachia. Macho yangu nilikuwa nimeyaweka kwenye viatu vyake. Viatu vya kuendea kanisani alivivaa kuja kukutana na mwanawe.

Alitaka kuinuka aondoke yeye. Mzee mzima aniachie njia mimi! Aibu ilinipanda mpaka nikasikia joto masikioni. Lakini akasita. Sijui aliona nini kwangu. Akauchukua ule mwavuli, akaufungua, akaushusha mbele yake kati yetu, mweusi, mpana, kama pazia la mlangoni. Sasa hanioni wala simwoni.

"Mwavuli huu una masikio," akasema nyuma yake, taratibu. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kusikia sauti yake ikija kwangu. Ilifanana na ya Asajile vibaya sana.

"Shikamoo, baba," nikauambia mwavuli.

"Marahaba. Baridi nimeisikia. Nimevaa."

"Si baridi, baba. Wala haikuwa baridi kwa mwanao."

Mwavuli haukusogea.

Nikamwambia yote. Nilimwambia chachu ikiungua inatoa nini na kinakaa wapi kifuani. Nilimwambia leso ya Asajile na leso yake zilivyonishinda kwenye beseni moja. Sikupunguza makali, maana ningepunguza hata kidogo angerudi kesho na sweta ya tatu. Yeye alikuwa anavuta pumzi kwa sauti, na kila pumzi nilitamani nimzibie.

"Lakini yeye hunisubiri," akasema mwishoni. "Mwanangu. Kila siku husimama pale, akanisubiri."

"Hasimami kukusubiri, baba."

Nyuma yangu nikasikia Jiko linanguruma. Gwakisa alikuwa amewasha. Nilitaka kugeuka nimtukane, kisha nikaelewa. Alinisaidia kwa namna yake, kwa kitu ambacho mdomo wake usingeweza. Moshi wa kona yenyewe ukapanda, mzito, wa kibuluu, ukatufunika sisi wawili na mwavuli, na ukungu, na viti vyote. Masikio yakaziba. Kisigino kikaburuzika.

Asajile akaja wazi kuliko alivyowahi kuja. Niliona hadi kifungo kilichokatika kwenye koti, ambacho niliahidi kukishona. Midomo ikaacha mluzi alipofika kona. Akatugeuzia mgongo, akainama.

"Tazama bega lake la kulia, baba," nikasema. "Tazama mkono."

Bega likaruka. Likaruka tena. Mkono ukapanda na kitambaa cheupe. Moshi hauna sauti ya mtu, una nyayo tu, kwa hiyo alikohoa kimya, huku visigino vyake vikigonga lami kwa kila kikohozi, tak, tak. Alipokishusha kitambaa alikiangalia kilichomo. Akakikunja vizuri, weusi ndani, weupe nje. Akakitia mfukoni.

Mzee akasema jina la mwanawe, mara moja, chinichini.

Nilidhani atalia. Nilidhani atamkimbilia. Badala yake nikauona mwavuli unainuka mbele yangu, unazunguka polepole, ukaniacha wazi, ukaenda kusimama upande wa kona. Alikuwa ameushika kwa mikono miwili kati yake na kijana wake. Amejikinga macho asimwone. Sisi tuliolelewa pale tunajua maana ya kitu kama hicho. Heshima kubwa unayoweza kumpa mtu ni kutomtazama.

"Mtu akijificha akohoe," akasema, "hatazamwi."

Kisha, bila mwavuli, bila mtu wa tatu, uso wake ukiwa mbele yangu umelowa, akaniambia mimi, "Funika, mwanangu. Tumempa aibu ya kutosha."

*

Bolti za kifuniko zilikuwa ngumu, hazijawahi kuguswa. Tulizikaza mimi na Gwakisa. Watu wa viti walilalamika, wengine walinitukana, mama yule wa "njia" akalia wazi kwamba nimemnyang'anya mtoto wake. Ni kweli nilimnyang'anya. Gwakisa alipokaza ya mwisho alivua kofia, akatazama upande wa sokoni kwa muda, akaivaa tena.

Jiko likapita Kona ya Kalvati likiwa limefunga mdomo. Nyuma yake lami ilitoka nyeusi, tulivu, ikinuka lami tu. Mchana jua likatoka baada ya manyunyu, nikasimama pale nikingoja barabara ipumue. Haikupumua. Nikavuta hewa mpaka mwisho wa kifua na hapakuwa na mtu. Nililia hapo, peupe, sikujificha popote.

Jioni nikamkuta mzee bado amekaa kwenye kalvati, mwavuli umefungwa magotini. Nikaitazama njia, na mtaro ninaourukaga. Yeye akainuka, akaanza kutembea kuelekea nyumbani upande wake wa barabara. Mimi nikachukua upande wa pili, nikatangulia kidogo, macho mbele.

Kwenye kona kikohozi kikamshika. Nilisikia nyayo zake zinasimama, nikamsikia anakohoa kwa sauti, yote, bila kukimbilia migombani.

Nikasimama. Sikugeuka. Nikamsubiri anifikie.